Jibu kwa muuguzi: je, Mungu alimpenda zaidi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mwezi uliopita tulimpoteza mtoto wa miaka sita kwa ule uvimbe wa taya wa Burkitt, saratani ya watoto. Aliletwa kwetu amechelewa sana. Nilienda kuzika. Mhubiri akasema, "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi," watu wakaitika amina. Mama wa marehemu akanivuta mkono akaninong'oneza: "Nesi, kama kupenda ndiko huku, si angempenda kidogo tu?" Sikuwa na la kumjibu. Mdogo wangu yuko chuo kikuu, anasema wanafalsafa walishalimaliza jambo hili, Mungu mwema hayupo. Paroko wetu anasema maovu yanatokana na hiari aliyopewa mwanadamu. Yupi yuko sahihi? Na arobaini imekaribia, naogopa kwenda, maana mama yule ataniuliza tena.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara jicho linarudi kwa yule mama. Nimefundisha falsafa ya dini miaka mingi, na hutumia wiki mbili nzima kuwafikisha wanafunzi mahali alipofika yeye kwa sentensi moja. Mwaka 1865 Mwingereza John Stuart Mill aliandika kwamba hatamwita mwema yeyote ambaye wema wake si ule anaoukusudia yeye anapowaita wanadamu wenzake wema. Alikuwa akiwajibu waliosema kwamba wema wa Mungu ni wa namna nyingine kabisa, haupimwi kwa mizani yetu. Mama huyu amesema lilo hilo, tena makaburini. Neno "kupenda" analijua vizuri. Amempenda mtoto yule miaka sita, anajua kupenda humfanya mtu atende nini na asitende nini. Akiambiwa yupo aliyempenda zaidi, ni haki yake kuuliza hiyo "zaidi" imepimwa kwa pishi gani.

Tuanze na mdogo wako, maana lake halitatuchelewesha. Nadhani amesomeshwa makala ya J. L. Mackie ya mwaka 1955. Mackie, mwanafalsafa kutoka Australia, alichukua kauli tatu ambazo waumini wengi wanazishika kwa pamoja: Mungu ana uwezo wote, Mungu ni mwema kabisa, na uovu upo. Akasema hizi tatu hazikai nyumba moja. Mwema kabisa huondoa ubaya kadiri awezavyo, na mwenye uwezo wote hakuna asichokiweza; basi ubaya usingekuwepo. Upo. Kwa hiyo mojawapo ya zile mbili za kwanza lazima itoke. Ni hoja safi, na waumini wengi iliwatoa jasho.

Mwaka 1974 Mmarekani Alvin Plantinga, Mkristo, alijibu. Hakusema anajua kwa nini Mungu anaruhusu uovu. Alisema jambo dogo kuliko hilo, na udogo wake ndio nguvu yake: inatosha kuonyesha kwamba inawezekana Mungu awe na sababu. Mathalani, inawezekana kwamba viumbe wenye hiari ya kweli ni kitu cha thamani, na kwamba hata mwenye uwezo wote hawezi kuwalazimisha watende mema kwa hiari yao, kwa kuwa ukilazimishwa si hiari tena. Likiwezekana hilo tu, mgongano wa kimantiki umekwisha. Mackie mwenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1982, alikubali, ingawa kwa kusitasita, kwamba tatizo hili halithibitishi kuwa mafundisho ya msingi ya waumini yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Mwambie mdogo wako, kwa upole, kwamba mechi anayoishangilia ilichezwa zamani na matokeo hayakuwa hayo. Kuna mechi ya pili, ngumu zaidi, nitaifikia.

Paroko wako sasa. Anachokisema kina uzito, ila kinajibu swali ambalo hukuliuliza. Hapa lugha yetu inajua kitu. Lugha kadhaa za Ulaya hubeba wizi, mauaji, tetemeko la ardhi na saratani katika kapu moja la neno moja, ndipo nasi madarasani tukatafsiri tukapata "tatizo la uovu". Lakini Kiswahili hakisemi hivyo. Uovu una mwovu wake. Saratani ni ugonjwa, mafuriko ni balaa, kifo ni msiba. Ukimwambia bibi yako kwamba uvimbe wa taya ni uovu atakuuliza nani kauroga. Hiari ya mwanadamu inaeleza Kaini na Habili. Haielezi taya la mtoto. Plantinga aliliona hilo, akasema huenda maafa ya maumbile yanatokana na hiari ya Shetani na majeshi yake. Kimantiki anaruhusiwa, kwa sababu anachohitaji ni "huenda" tu. Lakini sijapata kumsikia mtu akilisema hilo wodini kwa uso mkavu.

Umeutaja ugonjwa kwa jina lake, na jina hilo linanisaidia kuliko vitabu vingi. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Mkristo wa kusali kweli kweli, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa amwone mtoto wa miaka mitano hivi aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baada ya wiki chache, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ileile. Mwaka uliofuata akaandika makala. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka yapata kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja hadi nyingine na picha mkononi: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Ramani ikajichora. Penye joto na mvua ugonjwa upo, milimani penye baridi haupo, nchi kame haupo. Ni ramani ya malaria, karibu neno kwa neno. Mwaka 1964 huko London, watafiti Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Na miaka hiyohiyo Burkitt aliwaona watoto ambao dozi chache za dawa ziliyeyusha uvimbe mbele ya macho yake.

Nimeleta habari hii kwa sababu ndani yake mna jibu bora zaidi la waumini kuhusu maafa ya maumbile, bora kuliko lile la Shetani. Linasema hivi: ugonjwa huu una kanuni. Unafuata mvua, unafuata mbu, unafuata kirusi. Dunia ambayo Mungu angeingilia kila mara moto ukitaka kuunguza au chembe ikitaka kuharibika ingekuwa dunia isiyosomeka. Burkitt asingechora ramani yoyote, na wewe usingekuwa na kazi ya uuguzi, maana huruma yenyewe inahitaji dunia ambamo jambo moja huzaa jingine. Naiheshimu hoja hii. Inaeleza kwa nini pawe na kanuni.

Haielezi kwa nini ziwe kanuni hizi. Wala haielezi bei. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, yeye na wenzake waliandika habari za uvimbe wa taya wa watoto nusu karne kabla ya Burkitt. Wale watoto hapakuwa na dawa duniani ya kuwatibu. Hapakuwa na serikali ya kulaumiwa, wala mzazi aliyechelewa, wala bajeti iliyoliwa. Mtoto wa wodini kwako ni tofauti kidogo: katika nchi tajiri walio wengi wenye ugonjwa wake hupona, kwa hiyo katika kifo chake umo msiba na umo pia uovu, uovu wa barabara, wa dawa zisizokuwepo, wa nauli. Sehemu hiyo paroko aishike, ni yake kabisa, na ningependa aihubiri kwa sauti zaidi. Lakini watoto wa Mengo wanabaki. Huwezi kumwambia mtoto wa mwaka 1905 kwamba ameteseka ili mwaka 1961 mtu apande gari.

Hapo ndipo mechi ya pili inapoanza. Mwaka 1979 Mmarekani William Rowe aliacha kuuliza kama Mungu na mateso vinaweza kuwepo pamoja. Akauliza lililo la busara kuamini. Fikiria, alisema, radi imepiga mti, msitu umeshika moto, mtoto wa paa ameungua vibaya na amelala siku kadhaa katika maumivu kabla ya kufa, hakuna aliyemwona, hakuna aliyejifunza. Hatuoni jema lolote linalopatikana hapo ambalo Mungu asingelipata bila maumivu yale. Na kama hatulioni, ni haki kudhani kwamba halipo. Rowe hakudai amethibitisha. Alidai ni ushahidi.

Jibu zito kwa Rowe lilitoka kwa Stephen Wykstra mwaka 1984, nami nitalisema kwa mfano wa nyumbani. Ukichungulia chumbani usione ng'ombe, basi ng'ombe hayumo. Ukichungulia mlangoni usione kiroboto, hujajua lolote, maana hata angekuwemo usingemwona. Swali basi: sababu za Mungu ni ng'ombe au ni viroboto? Akili yetu kwa akili yake ni kama ya mtoto mchanga kwa mzazi wake. Wewe mwenyewe umewahi kumshika mtoto sindano ikiingia. Anakutazama kama msaliti. Sababu ipo, ni nzuri, na hakuna lugha duniani ya kumweleza mtoto wa miezi minane.

Mfano huo ni mzuri mpaka uukumbuke vizuri. Wakati wa sindano mama hufanya nini? Hamwachi. Humkumbatia, humwimbia, humwambia "pole mwanangu, nipo". Mtoto haijui sababu, ila anajua yupo na nani. Rowe alilitumia jambo hili kumjibu Wykstra, na naona alipiga penyewe: mzazi mwenye upendo akishindwa kueleza sababu, angalau hukaa karibu kwa namna inayoonekana. Waumini wengine watasema walimwona karibu. Siwezi kuwakanusha. Wengine, wakiwemo waumini wazuri, watakuambia kwamba usiku ule hawakusikia mtu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo nililotaka kukuandikia.

Mhubiri wa mazishini, akibanwa na mdogo wako, atakimbilia jibu la Wykstra. Atasema njia za Mungu hazichunguziki, kazi ya Mungu haina makosa, sisi ni nani hata tujue. Vema. Lakini mtu huyuhuyu dakika kumi kabla alikuwa anajua. Alijua Mungu amempenda zaidi. Kesho kwa mgonjwa mwingine atajua kwamba ni mtihani, keshokutwa kwamba ni adhabu, wiki ijayo kwamba Mungu amemchuma ua ili bustani yake ipendeze. Hawezi kushika yote mawili, kujua na kutojua. Kama hatuoni sababu za Mungu, basi hatuzioni: si za kumshitaki, si za kumtetea, na kwa hakika si za kumtangazia mama aliyefiwa. Ujinga wetu ukiwa ngao mbele ya wanafalsafa, uwe pia kufuli mdomoni mbele ya kaburi. Ndiyo maana, pamoja na kwamba mhubiri na paroko wanamwamini Mungu na mdogo wako hamwamini, mimi naona kosa la mhubiri ndilo kubwa zaidi. Mdogo wako amezidisha uzito wa hoja. Mhubiri amemsemea Mungu bila kutumwa.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliona hili mapema. Inasimuliwa kwamba Abu al-Hasan al-Ash'ari, huko Basra, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i, aliyefundisha pamoja na kundi la Mu'tazila kwamba Mungu daima hutenda lililo bora kwa mja wake. Wako ndugu watatu: mmoja amekufa mchamungu, wa pili amekufa kafiri, wa tatu amekufa mtoto. Mtoto akimwambia Mola, "Ungeniacha nikue nami nipate daraja ya kaka yangu," atajibiwaje? Al-Jubba'i akasema: ataambiwa, "Nilijua ungekua ungeasi, nikakuchukua mapema kwa faida yako." Hapo, akasema al-Ash'ari, yule wa pili atapiga kelele kutoka motoni: "Mbona mimi hukunichukua mtoto?" Mwalimu akanyamaza. Wanahistoria wengi wanashuku kwamba mazungumzo hayo yalitokea hivyo, lakini hoja inasimama yenyewe. Kila ukitoa sababu ya kifo cha mtoto mmoja, kuna mwingine aliyepona ambaye sababu hiyo inamgeuka.

Na Ayubu? Sote tumelelewa na subira yake. Pwani wana utendi mzima juu yake. Katika Biblia subira ni sura mbili za mwanzo. Baada ya hapo ni ugomvi mrefu wa kishairi, Ayubu akidai kesi yake isikilizwe na rafiki zake wakimpa sababu moja baada ya nyingine: umekosa, watoto wako wamekosa, unafundishwa, nyenyekea. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wale watetezi wake na kusema kwamba aliyenena sawa ni Ayubu, yule mlalamikaji. Sijui kwa nini aya hiyo haisomwi mazishini.

Kuna mlango mwingine ambao mdogo wako pengine haujui, na huu umejengwa hapa kwetu. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika kwamba huyu Mungu mwenye uwezo wote, mwema wote, mjuzi wa yote, amevishwa joho la Kigiriki, na kwamba wasomi wa Kiafrika waliwavisha wahenga wao joho hilo bila kuwauliza. Anasimulia kwamba mwaka 1911 wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliwauliza wazee wa Kiacholi, "Nani aliyewaumba?" Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, swali likatoka kama "nani aliyewafinyanga?" Wazee wakaona halina maana, mpaka mmoja akakumbuka: mtu huzaliwa mzima, kisha akipata kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda, hufinyangwa upya, na anayefanya hivyo ni Rubanga. Basi Rubanga, pepo wa kibiongo, akageuka jina la Baba wa mbinguni katika mahubiri.

Huwa nacheka, kisha nanyamaza. Kwa Mwacholi wa Okot, mtoto aliyepinda mgongo hakuwa fumbo la kifalsafa. Ilijulikana kuna nguvu zinazodhuru, unatafuta namna ya kuzifukuza. Tatizo letu huzaliwa pale tu unapomweka mwenye kupinda na mwenye kupenda katika jina moja. Baadhi ya wasomi walimpinga, wakisema kwamba Okot aliwasemea Waafrika wote kwa kuwatazama Waluo, ambao Waacholi ni sehemu yao, nami naona walikuwa na hoja. Lakini alionyesha kitu: unaweza kulitoka tatizo hili kwa kupunguza dai, kwa kusema Mungu si mwenye uwezo wote, au wema wake si ule tunaoujua. Gharama yake ni kwamba huyo si yule ambaye mama alikuwa anamwomba usiku kucha kando ya kitanda namba fulani.

Hukuniuliza naamini nini, lakini si haki nikufiche. Naenda kanisani Jumapili nyingi. Na nasema pia kwamba mateso ya watoto ni ushahidi dhidi ya Mungu mwema, ushahidi mzito. Anayesema si ushahidi nadhani hajakaa zamu ya usiku kama zako. Ushahidi mzito si hukumu, kwa kuwa kwenye mizani yangu kuna vitu vingine pia, baadhi yake siwezi kukuandikia hapa. Mtu mwingine mwaminifu akipima vilevile mizani yake inalalia upande wa pili, nami simwoni mpumbavu wala mpotovu. Burkitt aliwaona watoto hao wengi kuliko mimi na akaendelea kusali. Wapo walioona mmoja wakaacha.

Kuhusu arobaini: nenda. Rafiki za Ayubu, kabla hawajaharibu, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila mtu kusema neno, na hakuna sehemu ya kitabu inayowalaumu kwa hilo. Mama akiuliza tena, mwambie hujui. Mwambie pia kwamba swali lake umelipeleka kwa mwalimu, na mwalimu amekubali kwamba halijajibiwa na yule mhubiri, wala naye mwenyewe hana jibu la kulitosha. Nadhani atapenda kujua kwamba kuna mtu alilisikia kama swali, hakulisikia kama kufuru.

Na pale uani watakuwepo watoto wa majirani wakisubiri pilau. Watazame vinywa. Jino lililolegea kabla ya wakati wake, shavu lililojaa upande mmoja: katika mkusanyiko ule wote, huenda ni wewe peke yako utakayejua maana yake.